Kati ya Juni na Novemba: njia ya mkimbiaji wa sekondari Mtwara

Kila mwaka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini, inapomalizika, mkoani Mtwara huibuka mjadala kuhusu mwanafunzi aliyeng'ara katika mbio ndefu. Wapo wanaotaka apelekwe kambini Arusha mara moja, damu ikiwa bado inachemka. Wapo pia wanaotaka amalize kidato cha nne, aendelee na masomo, kisha atafutiwe ufadhili wa chuo, ikiwezekana nchini Marekani, ambako vyuo vikuu vingi huwalipia masomo wakimbiaji wanaoviwakilisha mashindanoni. Kundi hili la pili, ambalo wengi wao ni wazazi na walimu wa darasani, husikilizwa kwa shingo upande na kulaumiwa kwamba linaua kipaji. Lawama hiyo haina haki, ingawa wanaoitoa nao wana hoja nzito.

Hoja yao kubwa kwa sasa ni Alphonce Simbu. Kijana huyo wa Singida, askari wa JWTZ, hakupitia njia ya vyuo vya Marekani. Aprili 2025 alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston, na Septemba mwaka huohuo, mjini Tokyo, akawa bingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Amanal Petros wa Ujerumani, hadi ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali mtoto wa Shangani, hapa Mtwara, hufanyia mazoezi ufukweni, kwenye mchanga mbichi wakati maji yamekupwa, na ikifika saa mbili asubuhi joto na unyevu vimekwisha kumfukuza. Kambini atapata mwinuko, kocha, na wenzake wa kumsukuma. Akibahatika ataajiriwa jeshini, na kwa familia ya Tandahimba inayotegemea fedha ya korosho mara moja kwa mwaka, mshahara wa kila mwezi ni jambo kubwa.

Wanaotetea kambi humtaja pia Edward Cheserek, Mkenya aliyekwenda Marekani mwaka 2010, akasoma sekondari New Jersey, kisha Chuo Kikuu cha Oregon. Alitwaa mataji 17 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, yakiwamo matatu mfululizo ya mbio za nyika, lakini mpaka Michezo ya Paris 2024 alikuwa hajakimbia Olimpiki hata mara moja. Wanasema chuo kilimkamua kwa ajili ya pointi zake. Katika hilo wana ukweli kiasi: katika mashindano ya vyuo ya ndani ya ukumbi, mwaka 2016, alishinda mita 5,000, mbio za kupokezana kijiti na mita 3,000 ndani ya siku mbili, na kocha anayeulinda mwili wa kijana wake kwa miaka kumi ijayo asingempangia ratiba hiyo.

Hata hivyo, kuna hesabu moja ambayo sijasikia ikijibiwa. Tangu nchi yetu ianze kushiriki Olimpiki mwaka 1964 hadi Paris 2024, imepata medali mbili tu, zote za fedha, na zote mjini Moscow mwaka 1980. Moja ni ya Filbert Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji. Nyingine ni ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, na Nyambui alipoipata alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Alimaliza kwa dakika 13:21.60, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa sekunde 0.69 tu. Hakuwa ameacha masomo ili akimbie, wala hakuacha kukimbia ili asome. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akitwaa taji la NCAA la mita 10,000 mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Baada ya chuo miguu yake haikuwa imechakaa, kwa kuwa alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na kuirudia 1988. Wala hakutoka Mbulu, nyanda za juu zinazosifika kwa wakimbiaji. Alitoka Majita, kando ya Ziwa Victoria. Nusu ya medali zote za Olimpiki za taifa hili ililetwa na mtu aliyekuwa na kitabu mkononi. Mfano mmoja hautoshi kujenga kanuni, nakubali, lakini unatosha kabisa kuvunja kauli kwamba darasa na mbio ndefu haviendi pamoja.

Kwa Cheserek nako tunapima kwa kipimo kisicho sawa. Mkimbiaji wa chuo asipofika Olimpiki, jina lake hutajwa kama onyo. Kijana aliyeacha shule akiwa kidato cha tatu, akaenda kambini, akaumia goti na kurudi kijijini kimya kimya, hatajwi na yeyote kwa sababu hakuna aliyemhesabu. Mataji 17 ni kazi ya riadha iliyokamilika. Wapo mabingwa wa taifa ambao hawajashinda mbio nyingi kiasi hicho maishani.

Kuna pia suala la mlango upi hufungwa na upi hubaki wazi. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA zimempunguzia mwanafunzi misimu ya kushindana chuoni endapo alimaliza sekondari kisha akakaa miaka kadhaa akishiriki mashindano rasmi, na fedha za zawadi nazo zimewatia matatani wengi. Aliyetangulia kambini huweza kukuta nafasi ya chuo imekwisha. Aliyetangulia chuoni anaweza kwenda kambini akiwa na miaka 23, umri ambao wakimbiaji wengi wa marathoni hawajaikimbia hata mara moja.

Ndiyo maana ratiba inanisumbua kuliko falsafa. UMISSETA huchezwa katikati ya mwaka, na mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, wazazi wakiwa mashambani wakiokota korosho au wakisubiri mnada. Mtwara ilikuwa mwenyeji wa michezo hiyo kitaifa mwaka 2019 na 2021, kwa hiyo tunafahamu jinsi wanaotafuta vipaji wanavyofika na ahadi zao mapema. Ada haidaiwi tena hadi kidato cha sita, hivyo kisingizio cha umaskini kimepungua nguvu. Anayemtaka kijana kwa dhati anaweza kumwachia mwalimu wa michezo programu ya mazoezi, ambayo ataisimamia kwa saa ya simu kwenye uwanja uliochorwa kwa majivu, kisha arudi kumchukua Desemba, mtihani ukiwa umekwisha.