Bunduki ni halali mpaka uvuke daraja

Kuna imani moja nyumbani haing'oki: kwamba Unyamwezini, yaani Marekani, kila mtu ana bunduki na hakuna anayeulizwa. Ndugu zetu wengi hutua huko nayo kichwani. Wanakuta nusu yake ni kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayowapeleka mahabusu, na baadaye uwanja wa ndege na tiketi ya kwenda tu.

Chukua Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Mtu mzima asiye na doa la jinai ananunua Glock 17 dukani, anaomba leseni ya kuibeba ikiwa imefichwa, anapewa, maisha yanaendelea. Magazini ya kawaida ya bastola hiyo, yaani kasha lake la risasi, huingia risasi 17. Risasi zinazopendwa kwa kujilinda ni zile zenye tundu kwenye ncha, na hapo dukani zinauzwa kama sukari. Sasa mtu huyo apande gari avuke Daraja la Benjamin Franklin aende Camden, New Jersey. Ni dakika chache tu. Hakuna geti wala askari wa mpakani, ila kisheria ameshaingia nchi nyingine.

New Jersey haiitambui leseni ya Pennsylvania. Bastola bila kibali cha New Jersey ni kosa la daraja la pili: kifungo cha miaka 5 hadi 10, faini mpaka dola 150,000, na kwa sheria wanayoiita Graves Act unakaa ndani miezi 42 kabla parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, haijazungumzwa. Magazini inayozidi risasi 10 ni kosa la daraja la nne, mpaka miezi 18. Zile risasi zenye tundu unaruhusiwa kuwa nazo nyumbani, au njiani kutoka dukani, au ukienda kulenga shabaha. Ukikutwa nazo kwingine ni kosa jingine la daraja la nne. Bastola moja, mashtaka matatu, na kila kipande kilinunuliwa kwa risiti.

Haya hayasemwi kwa kutishana. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia mwenye leseni ya jimbo lake alisimamishwa New Jersey kwa kosa la barabarani, akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola. Alishtakiwa kwa sheria hiyohiyo. Ilibidi mwendesha mashtaka abadili msimamo, na Aprili 2015 Gavana Chris Christie akamsamehe. Huyo alikuwa raia. Mgeni angekuwa na kesi ya pili ikimsubiri.

Kesi hiyo ya pili ndiyo hasa ya kuijua. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mgeni yeyote, mwenye grini kadi akiwemo, akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Haijali umekaa miaka miwili au ishirini na miwili, wala kama hakimu alikupa kifungo au faini tu. Wabeba boksi wengi, ndugu zetu wa vibarua vya ughaibuni, wanadhani kinachofukuzisha ni makosa makubwa peke yake. Kwa silaha, hata kosa dogo la jimbo linaweza kutosha. Kwa hiyo wakili wa jinai akikwambia "kubali kosa, utatoka leo", mjibu kwamba unataka kwanza wakili wa uhamiaji asome kifungu chenyewe, maana vifungu vingine vya majimbo vina tafsiri pana kuliko sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, na mwanya huo umewahi kuokoa watu. Kuambiwa athari hizo ni haki yako: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2010 katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, ambapo Padilla mwenyewe alikuwa mkazi wa kudumu aliyewahi kupigana Vietnam.

Bado hatujawagusa wanafunzi. Aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki au hata risasi moja, isipokuwa mambo machache kama kuwa na leseni hai ya uwindaji. Adhabu tangu 2022 ni mpaka miaka 15. Na kumiliki si lazima iwe yako: ukikodi bastola kwenye uwanja wa shabaha kwa nusu saa ili upige picha ya kutuma kwenye grupu la familia, umeimiliki kwa nusu saa. Picha ndiyo kielelezo, na umekitoa mwenyewe. Binamu mwenye grini kadi akiombwa akununulie kwa jina lake, naye ameingia: kumnunulia mtu aliyekatazwa ni kosa la shirikisho lenye kikomo hichohicho cha miaka 15. Dukani kuna Fomu 4473 inayouliza uraia, aina ya viza, bangi, na amri za mahakama za ugomvi wa nyumbani. Kudanganya humo ni kosa peke yake, na ukijiandika raia wakati hujawa raia, ndoto ya uraia umeizika.

Tukirudi kwa majimbo, tazama bastola moja iliyojazwa risasi ndani ya gari moja, dereva hana leseni ya kubeba. Texas, tangu Septemba 2021, aliyetimiza miaka 21 na asiyekatazwa na sheria hahitaji leseni. Hapo hakuna kosa. Minnesota, mara ya kwanza, ni kosa la kati, mpaka siku 364 na dola 3,000. Massachusetts, ambako Wakenya wa Lowell wanajua baridi kuliko sisi, kuna kifungo cha lazima cha miezi 18, na hakimu hana ruhusa ya kukiahirisha. New York ni kosa kubwa la jinai lenye kiwango cha chini cha miaka mitatu na nusu na cha juu miaka 15. Ukitaka kupita majimbo hayo salama, sheria ya shirikisho ya 1986 inakupa njia: unakotoka na unakokwenda uwe unaruhusiwa kuwa nayo, haina risasi, haifikiki ukiwa umekaa kwenye kiti, na kama gari halina buti basi iwe kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli. Droo ya mbele ya abiria haihesabiki. Watu hukwama kwa kugeuza safari kuwa mapumziko ya wikendi katikati ya jimbo ambalo hawana haki nayo.

Halafu kuna silaha zenyewe zilizopigwa marufuku, mbali na suala la leseni. Hapa urefu wa mtutu unapimwa kwa inchi na inchi moja inafunga mtu. Kwa sheria ya shirikisho ya 1934, raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, kama sentimita 40.6, au shotgani chini ya inchi 18, kama 45.7, lazima isajiliwe kwanza. Bila usajili ni mpaka miaka 10. Anayekata mtutu wa shotgani kwa msumeno ili iingie chini ya kiti ameshatenda kosa kabla hajatoka gereji, na anayefunga kitako cha bega kwenye bastola huwa ametengeneza raifo fupi bila kujua. Bunduki za rashasha zilizotengenezwa baada ya Mei 19, 1986 raia wa kawaida hauziwi kabisa, na kile kikorokoro kidogo kinachoifanya bastola itapike risasi mfululizo kinahesabiwa kuwa rashasha hata kikiwa peke yake mfukoni. Juu ya hapo kila jimbo linaongeza au kupunguza. Texas ilikitoa kizima sauti kwenye orodha yake mwaka 2021. New York na New Jersey bado hawataki kukisikia. California, kuwa na shotgani iliyokatwa kunaweza kukufungisha mpaka miaka mitatu. Magazini: New York, New Jersey, Massachusetts na California zinasimama kwenye 10, Colorado 15, Delaware 17. Hapo Delaware magazini ya 17 ni halali, ikiweza kuingia ya 18 umepotea.

Nyumbani, kwa upande huu, ni afadhali. Tanzania, Kenya na majirani walitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2004, na kati ya waliyokubaliana ni kwamba raia hatamiliki raifo za kujipakia zenyewe wala za rashasha. Yaani raifo ambayo Texas inaning'inia ukutani dukani karibu na buti za mvua, kwetu ni ya jeshi na polisi, mjadala umefungwa. Na huanzi na bunduki ndipo utafute ruhusa. Kwa Tanzania, chini ya sheria ya 2015, maombi yanaanza serikali ya mtaa au kijiji, watu wanaokujua ukilewa na ukiwa mzima, yanapanda kata, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, mkoa, kisha polisi makao makuu. Inachosha, na kuna mahali faili hulala kwa sababu zisizoandikwa popote. Lakini ukivuka kutoka Pwani kwenda Morogoro hubadiliki kuwa mhalifu darajani, na hilo ukiwa huku Marekani unaliona ni neema.

Tunachokosea ni upimaji wa adhabu. Tanzania Bara, kumiliki silaha kinyume cha sheria kumewekwa kwenye uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 kifungo ni miaka 20 hadi 30. Mkulima wa kando ya Ruaha anayefukuza nguruwe pori kwa gobore la bomba la maji, na jambazi aliyeficha bunduki ya kivita aina ya SMG chini ya kitanda, wanaingia mlango mmoja. Texas, pamoja na ugumu wake wote, bunduki ya kuungaunga ni miaka 2 hadi 10, na jaji ana nafasi ya kumtazama mtu usoni. Kenya angalau wanatofautisha kwa aina: AK-47, G3 na jamaa zake bila kibali zinaweza kukupa kifungo cha maisha, nyingine zina viwango vya chini zaidi. Tungeigiza Wamarekani kwa jambo moja, basi liwe hili la madaraja ya makosa, na maduka yao wabaki nayo.

Matokeo ya adhabu isiyopimwa tunayaona Mahakama ya Rufani. Kesi ya uhujumu inahitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na ikisikilizwa mahakama ya chini inahitaji pia hati ya kuipa mamlaka. Hati ikiwa na kifungu kilichokosewa, mwenendo mzima unaweza kufutwa. Ushahidi nao unaweza kuanguka kwa hati ya kukamata mali isiyo na sahihi ya shahidi huru, au kwa bunduki iliyotoka kituoni kwenda kwa mtaalamu wa silaha bila mnyororo wa nani alimkabidhi nani. Anayejua kuajiri wakili anatoka. Mwenye gobore anabaki akihesabu miaka.

Mambo mawili ya kufanya kabla hujapanda ndege ya likizo. La kwanza ni begi. Kama liliwahi kwenda uwanja wa shabaha, usisafiri nalo, chukua jingine. Risasi moja iliyojificha kwenye mfuko wa pembeni huku inaweza kuishia kwa onyo na faini ya kiraia, lakini ikionekana kwenye mashine Dar es Salaam au Nairobi ni risasi bila kibali, na maelezo yako ya uwanja wa shabaha wa Marekani hayatamsaidia askari kujaza kitabu chake.

La pili ni mirathi, na hapa watu wa diaspora wanaumia kwa sababu wamezoea ya huku. Texas baba akifa, mtoto asiye na doa anachukua raifo ya kawaida bila fomu. Silaha ya usajili wa 1934 inahamishwa kwa Fomu 5 bila kodi. New York msimamizi ana siku 15 za kuikabidhi au kuihalalisha. Kwetu leseni inakufa na mwenyewe. Shotgani ya mzee iliyo nyuma ya kabati, hata kama kila mtu kijijini anaijua tangu Uhuru, siku ya mazishi haina mwenye kibali. Usiibebe mwenyewe kwenye gari. Mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa, muwaite polisi waichukue pamoja na kitabu cha leseni, mpate hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha, ndipo msimamizi wa mirathi aanze kuomba kwa jina la atakayerithi, kama yupo anayefaa. Na mkague droo: risasi tatu zilizobaki karibu na miwani ya mzee, nazo ziandikwe kwenye hati hiyohiyo.