Kambi za Watoto za Kisovieti: Mizani, Skafu na Bahari

Katika kambi nyingi za watoto za Muungano wa Kisovieti, siku ya kwanza na ya mwisho zilifanana kwa jambo moja: mtoto alipanda juu ya mizani na uzito wake ukaandikwa daftarini. Kambi iliyowarudisha watoto kwao wakiwa wamenenepa ilihesabiwa kuwa imefanya kazi yake. Kwa nchi iliyopitia njaa kuu ya mwaka 1921, na nyingine ya mwaka 1932 na 1933, kilo moja au mbili katika mwili wa mtoto hazikuwa jambo dogo. Ndiyo maana naona si haki kuanza kuzipima kambi hizi kwa skafu nyekundu na kiapo vya Chipukizi, jumuiya ya watoto ya chama cha kikomunisti, kama wakosoaji wake wengi wanavyofanya.

Hata Artek, iliyo mashuhuri kuliko zote, ilianza kama mradi wa tiba. Daktari Zinovy Solovyov, kiongozi wa Msalaba Mwekundu wa Urusi, aliifungua tarehe 16 Juni 1925 chini ya mlima Ayu-Dag, kwenye pwani ya rasi ya Crimea katika Bahari Nyeusi, na kundi la kwanza lilikuwa la watoto wapatao 80 waliolala kwenye mahema. Waliolengwa walikuwa watoto waliotishiwa na kifua kikuu. Pwani hiyo ilikuwa imejaa majumba ya kifahari ya watu wa tabaka la juu, na kumleta mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda aote jua mahali pale pale lilikuwa tendo la haki ambalo hata mpinzani mkali wa ujamaa anapaswa kulikubali.

Lakini mtoto huyo hakuletwa bure. Kambi zilikuwa chini ya mwavuli wa Jumuiya ya Chipukizi iliyoundwa mwaka 1922, na siku nzima ilikwenda kwa amri. Tarumbeta iliwaamsha, walipanga mstari mbele ya bendera, kiongozi alitoa wito, "Kuwa tayari!", nao wakaitikia, "Tayari daima!" Mchana kila mtoto alilazwa, awe na usingizi au asiwe nao, na jioni waliimba kuuzunguka moto. Wasomaji waliokulia katika chipukizi zetu za Tanzania wataitambua sauti hiyo. Gwaride lenyewe silioni kuwa kosa. Kinachonisumbua ni kielelezo walichopewa: Pavlik Morozov, mvulana aliyeuawa mwaka 1932, ambaye kwa miongo mingi alisifiwa mbele ya chipukizi kwa sababu, kwa mujibu wa simulizi rasmi, alimshtaki baba yake mzazi kwa dola. Kumtenga mtoto na wazazi wake kwa wiki kadhaa, kisha kumfundisha kwamba kuna mkubwa anayestahili utii kuliko wao, ni kuvuka mpaka, na chakula kizuri hakifuti jambo hilo.

Wanaozitetea hupenda kumtaja Samantha Smith, msichana wa Marekani aliyemwandikia barua Yuri Andropov, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, mwaka 1982 na kualikwa kuitembelea nchi hiyo Julai 1983. Alipofika Artek alichagua kulala bwenini na wasichana wenzake, akavaa sare yao, na pamoja nao akatupa baharini chupa zenye ujumbe wa matumaini. Siamini kwamba urafiki ule ulikuwa wa kuigiza. Watoto wa umri huo hawaigizi siku kadhaa mfululizo. Hata hivyo, mwaliko ulipangwa, kamera zilikuwapo, na Artek ya wakati huo ilikuwa na mabwawa ya kuogelea na uwanja wa michezo wa maelfu ya watu. Ilikuwa sebule ya kupokelea wageni.

Hapo ndipo pande zote mbili zinapokosea, kwa kuwa zinabishana juu ya Artek, mahali ambapo watoto wengi wa nchi hiyo hawakuwahi kukanyaga. Nafasi ya Artek ilitolewa kama tuzo. Mtoto wa kawaida alikwenda kambi ya kiwanda cha mama yake, msituni kando ya mto, kwa hati ambayo sehemu kubwa ya gharama yake ililipwa na chama cha wafanyakazi na mzazi akachangia kidogo. Bendera ilipandishwa huko pia, lakini kilichotawala siku kilikuwa uji, mpira, mto, na mzazi aliyefika siku ya kutembelewa na kikapu cha matunda. Ukinitaka nitaje sifa kubwa ya mfumo ule, nitataja kambi hiyo isiyo na picha gazetini.

Na ukinitaka nitaje doa lake kubwa, nitarudi Ayu-Dag. Jina hilo, lenye maana ya Mlima wa Dubu, ni la lugha ya Watatari wa Crimea, wenyeji wa rasi hiyo. Mwezi Mei 1944, siku chache tu baada ya rasi hiyo kukombolewa kutoka kwa Wajerumani, dola ile ile iliyojivunia kuwatunza watoto iliwapakia Watatari wote, na watoto wao, kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Uzbekistan na kwingineko, wengi walikufa. Artek ilifunguliwa tena mwaka huo huo. Waliosherehekea udugu wa watoto wa dunia chini ya mlima ule hawakuambiwa ni watoto gani walioondolewa hapo.

Wapo wanaodai kwamba mema yangeweza kubaki na itikadi ikaondolewa. Ningependa iwe hivyo, na sioni sababu ya kimaumbile inayofanya uji na bahari vihitaji kiapo. Lakini muungano ulipovunjika mwaka 1991, fedha za viwanda zilikauka pamoja na skafu, na kambi nyingi za msituni zikafungwa. Mabweni yake ya mbao yakaachwa yaoze, na watoto wa wafanyakazi wakabaki mjini likizo nzima.