Saba Mara Hamsini na Saba

Naandika hii habari ya siku niliyoenda kuwinda mwenyewe kabla shemeji hajaandika, maana yeye anaongeza chumvi halafu video anayo.

Mi ni mtu wa Busia, upande huu wa Uganda, nauza spea za magari Kampala, na Kiswahili ndo lugha niliyokulia, mpakani pale hata mbuzi wanakielewa. Mke nimeoa Kiruhura, kwa wafugaji, watu ambao kama huna ng'ombe wanakuangalia kama umekuja bila suruali. Mahari nililipa yote sidaiwi, lakini wale ng'ombe niliwanunua kwa simu na hilo halijasahaulika mpaka leo.

Kwao ni jirani na hifadhi ya Ziwa Mburo, na wanyama hawajui mpaka, wanatoka tu wanakuja kula majani pamoja na ng'ombe. Uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku Uganda 1979, ukarudishwa 2001 kwa majaribio hukohuko kwenye maranchi yanayozunguka Mburo, ili mwenye ranchi naye apate kitu badala ya kununa kila akiona pundamilia wanamalizia malisho yake. Sasa shemeji wangu alikuwa jeshini, Kiswahili anakimwaga kuliko mimi, alivyotoka akapata kazi kwenye kambi moja ya wawindaji. Siku moja akanipigia, "Muramu (yaani shemeji), njoo upige swala pala, karatasi zote tutashughulikia ziwe halali." Nikakubali hata hajamaliza sentensi. Mi bunduki nilikuwa naziona kwa askari wa benki tu, na hata hizo nilikuwa napita mbali.

Wiki mbili nzima nikawa YouTube mpaka saa nane usiku. Kila mzungu pale ana kaliba yake, yaani saizi ya risasi, na anaitetea kama timu ya mpira, huyu 243, yule 308, mwingine anasema thati-o-siksi (wanaandika 30-06) ndo baba yao, mi nikajua hiyo labda ni tarehe 30 mwezi wa sita. Katika masaa yote hayo niliondoka na kitu kimoja tu kichwani: namba ikiwa kubwa, bunduki ni kubwa. Nikaona hii si ngumu, mi ni mtu wa spea, maisha yangu yote ni namba, beringi 6203 na 6204 ukizichanganya mteja anarudi na maneno. Namba nazijua bwana.

Safari haikuwa na la maana, Kayabwe pale kwenye ikweta nikapiga picha, Lukaya nikala nyama za mishikaki mpaka nikafungua mkanda, Lyantonde nikalala, nikaamshwa Sanga.

Sasa kufika kambini nakuta meza, juu ya meza bunduki nne zimepangwa kwenye blanketi, na nyuma ya meza kuna mzee mmoja mwindaji, mzaliwa wa Arusha, mkavu kama ukuni, Kiswahili chake cha taratibu kile cha kukutia aibu. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba kijana. Pembeni kwenye viti wamekaa baba mkwe na fimbo yake, mashemeji wawili wengine, mama mpishi, na afande wa wanyamapori ambaye lazima awepo. Yaani watu wamekuja kuangalia yule mkwe wa ng'ombe wa simu akishika bunduki.

Mzee akaanza kunionyesha. Hii ni 243, hii ni 7 kwa 57, hii 308, na hii 375. Akauliza, "Umewahi kupiga?" Nikasema kidogo. (Manati.) Akasema basi kwa swala pala na kwa mtu anayeanza, chukua 243, inatosha kabisa, haina teke kubwa, hutaiogopa.

Hapo ndo nikaharibu. Badala ya kusema asante mzee, nikaona huyu ananidharau mbele ya wakwe, ananipa namba ndogo kuliko zote mezani. Nikazitazama zile bunduki kwa macho ya fundi, nikapiga hesabu kichwani haraka haraka, saba mara hamsini na saba, saba mara hamsini mia tatu hamsini, saba mara saba arobaini na tisa, jumla mia tatu tisini na tisa, yaani inaizidi hata ile 375! Nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mzee, mi nipe hiyo 399."

Kimya.

Mzee akaniuliza, "Ipi?"

"Hiyo ya saba mara hamsini na saba."

Shemeji alikuwa wa kwanza kuelewa. Yule jamaa alicheka akakaa chini, sio kwenye kiti, chini kwenye vumbi, akawa anasema mi nimebeba AK miaka kumi na tano, ni 7.62 kwa 39, na hakuna siku afande alinambia nizidishe. Mi kichwa changu kikaenda chenyewe kikapiga na hiyo, ni 297 na pointi kidogo, nikanyamaza nayo.

Yule mzee hakucheka, na hiyo iliniuma zaidi. Akanielewesha polepole kama mtoto wa nasari. Hiyo 7 ni unene wa risasi kwa milimita, 57 ni urefu wa ganda lake kwa milimita, hakuna kuzidisha. Hizi nyingine zinasomwa kwa inchi na mbele kuna nukta, 375 ni sehemu 375 katika elfu za inchi moja, kama milimita tisa na nusu. Thati-o-siksi ni risasi ya unene wa sehemu thelathini katika mia za inchi, iliyotoka mwaka 1906, sio tarehe. Na 308 hukohuko unene wake ni kama wa thati-o-siksi, ni ganda tu ndo fupi. Halafu akaigusa ile 7 kwa 57, akasema hii ni ya Mauser, ya Wajerumani, 1892, ya siku nyingi na ni pole. Mskoti mmoja anaitwa Bell alikuja Karamoja mwanzoni mwa miaka ya 1900, tembo wake wengi aliwapiga na risasi ya saizi hii hii, na maisha yake yote aliangusha zaidi ya elfu moja. Alikata fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi. "Yeye alijua pa kupiga," mzee akasema, "wewe kwanza tujue kama utafungua macho."

Mtu mwenye akili angeichukua 243 hapo na kushukuru. Lakini baba mkwe alikuwa anatafsiriwa hayo yote Kinyankole na mashemeji, mzee wa watu anatingisha kichwa kama mtu aliyesikia habari ya msiba, na mi nikaona heshima imebaki sehemu moja tu pale mezani. Nikasema, "Basi nipe 375."

Mzee akaniangalia. Akasema hii ni ya Holland & Holland ya London, ilitengenezwa 1912 kwa ajili ya nyati na tembo, nchi nyingi za Afrika zinaiweka kuwa ndo kiwango cha chini kwa mnyama anayeweza kukuua. Risasi yake moja ina uzito kama gramu 19, ukichukua za 243 tatu ndo unaipata hiyo moja. Na teke lake ni karibu mara nne. Nikasema mzee mi Busia tumebeba magunia ya mahindi toka utotoni, bega liko sawa. Akasema sawa kijana, risasi moja, kwenye boksi, ujifunze. Nadhani alikuwa ashaamua kwamba maneno yamekwisha.

Boksi liliwekwa umbali wa mita hamsini, mbele ya kichuguu kikubwa, limechorwa duara jekundu. Nikakalishwa, bunduki ikawekwa juu ya gunia la mchanga, masikio yakazibwa. Mzee akasema mambo mawili: kitako kikae kibanane na bega, na jicho likae mbali na darubini, kama upana wa kiganja. Nikaitikia ndiyo mzee. Halafu nikafanya kinyume vyote viwili, kwa sababu bega lilikuwa limeanza kuogopa lenyewe nikaliachia nafasi kidogo, nikidhani nikiliweka mbali na kitako teke halitalifikia, na boksi nilikuwa silioni vizuri kwahiyo nikawa nasogeza jicho, nasogeza, nasogeza, kama mtu anayechungulia tundu la mlango.

Nikafumba macho. Nikavuta.

Sikusikia mlio, wallahi. Nilichosikia ni kama lori la matunda limenigonga begani, halafu darubini ikaja yenyewe ikanibusu juu ya nyusi, halafu mbingu, nzuri, ya bluu, na mawingu mawili. Kofia ilikutwa nyuma ya kiti cha afande. Ile nafasi niliyoacha begani kumbe ndo bunduki iliitumia kupata mbio. Na bunduki yenyewe mzee alikuwa ashaidaka, alikuwa amesimama pale pembeni yangu muda wote mikono tayari, hata sikumwona, yaani alijua.

Boksi halikuguswa. Risasi ilikutwa imeingia chini ya kichuguu, hatua nne kushoto. Ng'ombe wa jirani, wale wenye mapembe marefu, waliinua vichwa wote wakaniangalia mimi, sio boksi. Mama mpishi akaja mbio na maji ya chumvi, "Bambe! Bambe!", anafuta damu, maana ile duara ya darubini ilinikata nusu mwezi safi kabisa, kama imechorwa na bikari. Katikati ya kufutwa hivyo baba mkwe akasema neno moja refu kwa Kinyankole. Watu wote wakaanguka. Nikamuuliza shemeji mzee kasemaje, akafuta machozi kwanza, akanambia, "Anauliza, kati yako na lile boksi, ni nani alikuwa anawindwa."

Baada ya chai mzee akaniita tena, sasa ni 243 bila majadiliano. Lakini akawa anaipakia yeye mwenyewe kanigeuzia mgongo. Nikalenga, nikavuta, na kabla ya chochote mwili mzima ukaruka, macho yakafumba, mguu ukapiga meza, meno yakaumana, na bunduki ikasema tik. Tik tu. Ndani alikuwa ameweka risasi bubu, ganda tupu halina baruti. Akaniambia umeona, hiyo haikuwa bunduki iliyoruka, ni wewe, 375 imeshakuharibu, sasa tunaanza kukutengeneza. Ikawa hivyo mpaka jioni, mara ya kweli, mara bubu, hujui ipi, mpaka mwili ukachoka kuogopa. Hiyo tik ya kwanza ndo video yenyewe. Dakika moja na nusu, na shemeji ameiwekea muziki.

Asubuhi tukatoka kabla ya jua, mi, mzee, afande, shemeji na simu yake. Tukanyatia kama saa nzima kwenye miti ya migunga, umande mpaka kwenye magoti, tukamkuta dume la pala amesimama pembeni mita kama sabini, pembe zile zimejikunja, mzuri mpaka unaona aibu. Kampala nzima jina lake limetokana na mnyama huyu halafu mi mkazi wa Kampala namuona uso kwa uso mara ya kwanza. Mzee akasimamisha fimbo zake tatu, nikaegemeza bunduki. Jicho mbali. Bega limebanana. Pumzi nusu. Nikajidanganya kwamba ndani kuna bubu, nikafungua macho yote, nikavuta triga taratibu kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango wa wakwe. Sikuruka hata kidogo. Nilitulia kama maji ya mtungini.

Na triga haikurudi. Nikavuta. Haikurudi. Nikavuta kwa vidole viwili. Mzee akaninong'oneza sikioni kwa upole mkubwa sana, "Sefti, kijana." Yaani ile kufuli ya triga sikuwa nimeifungua. Swala akatusikia, akatutazama wote wanne mmoja mmoja, akaondoka kwa miguu, hata kukimbia hakuona haja.

Jioni nilimpata mwingine, risasi moja, 243, akaanguka hapohapo, nyama tukala na eshabwe, ule mchuzi wao wa samli, na baba mkwe akanikatia mwenyewe. Lakini hilo hakuna anayelizungumza kwa sababu siku hiyo simu ya shemeji iliisha chaji.

Ile nusu mwezi bado ninayo juu ya nyusi, wateja wa spea wananiuliza kama ni jeki ya gari nasema ndiyo. Ila kule Kiruhura jina langu limekufa, watoto wa mashemeji wananisalimia shikamoo anko 399. Na juzi juzi nilikwama na mzigo mpakani, nikampigia shemeji anikopeshe laki nne, nitamrudishia Ijumaa. Akasema hakuna shida muramu. Meseji ya mobile money ikaingia hapohapo, nikafungua, nikakuta katuma 399,000. Nikampigia kuuliza elfu moja iko wapi, akasema hiyo kakata ya plasta.