Meza Kuukuu ya Kimarekani: Ikwanguliwe au Iachwe?

Januari 1998, kwenye mnada wa Sotheby's mjini New York, meza ndogo ya kuchezea karata iliuzwa kwa dola 541,500. Mwenyewe aliinunua kwa dola 25, katika vitu vilivyotumika vilivyokuwa vikiuzwa uani kwa mtu. Kisa hicho, cha meza ambayo vanishi yake ya zamani haikukwanguliwa, kilitangazwa na kipindi cha televisheni cha Antiques Roadshow. Siku hizi mkusanyaji wa samani za kale za Marekani akiuliza afanye nini na vanishi iliyopasukapasuka, jibu analopewa karibu kila mahali ni moja: usiiguse, utaua thamani yake.

Wanaosema hivyo wana hoja nzito. Vanishi ikishakwanguliwa hairudi, na tabaka zake zikitazamwa kwa hadubini humweleza mtaalamu kilichopakwa kwanza na kilichofuata. Fundi mwenye msasa na haraka hufuta pia alama za randa, na kingo zilizochongwa karne ya 18 huachwa butu kama kipande cha sabuni. Mfano unaouma zaidi ni viti vya Windsor. Viliundwa kwa mbao mchanganyiko, kalio la mti huu, miguu na fimbo za mgongoni za mti mwingine, kwa kuwa fundi alijua rangi, mara nyingi ya kijani, ingefunika vyote. Karne ya 20 watu wakavibandua rangi ili mbao ionekane, na sasa vinaonekana kama ambavyo fundi wake asingethubutu kuvitoa karakanani. Hao sina la kuwatetea.

Ila turudi kwenye ile 541,500, maana ndiyo inayotajwa kila mara. Meza ile ilikuwa na nini? Chini yake lebo ya karatasi ilikuwa bado imebandikwa: John Seymour na mwanawe, Boston. Kazi za mafundi hao zenye lebo ni adimu mno. Juu ya hapo kuna umbo lake, na urembo wa vipande vyembamba vya mbao vilivyopachikwa kwa mkono usiotetemeka. Vanishi ilichangia, sikatai, lakini haikuipandisha bei peke yake. Anayeisikia hesabu ile hasikii habari ya lebo. Anakwenda gereji, anatazama kabati alilorithi kwa bibi yake, lililochongwa na seremala wa kijijini asiyejulikana, jeusi, linanata mkono, na anaogopa hata kulifuta. Bei za samani za kawaida za aina hiyo zimeporomoka miaka ya karibuni. Analinda fedha ambazo hazipo, na kabati linaoza.

Tena hiyo vanishi inayoitwa ya asili ni ya nani? Tajiri wa Philadelphia au Newport katika miaka ya 1760 alitaka kabati ling'ae, lirudishe mwanga wa mshumaa, na shaba zake ziwake kama dhahabu. Likififia, lilipakwa upya. Karne ya 19 nayo ikaongeza tabaka zake, na hapo sisi watu wa pwani tumo. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuja Unguja kuchukua sandarusi, utomvu wa miti uliogandamana ardhini, iliyochimbwa Mrima, ikasafishwa na kupikwa kwa mafuta kuwa vanishi. Weusi wa vanishi unaoenziwa kama kumbukumbu ya mwaka 1770 huenda ukawa sandarusi yetu, iliyopakwa na mjukuu aliyechoka kuona meza ya babu imefifia. Yule mjukuu alifanya kilekile tunachowakataza watu leo.

Kuiabudu ngozi iliyozeeka kumewanufaisha pia waghushi. Mwaka 1969 Armand LaMontagne wa Rhode Island alitengeneza kiti cha mtindo wa Brewster, wa karne ya 17, akakichakaza kwa mikono yake. Jumba la makumbusho la Henry Ford likakinunua kwa dola 9,000, na ukweli haukujulikana hadi 1977. Makusudi kabisa alikuwa ametoboa matundu kwa keekee ya kisasa. Wataalamu waliridhika na uso wa kiti, na ushahidi, alama za keekee hiyo, ulikuwa umejificha ndani ya tundu.

Kwa hiyo kitu chenye lebo, chenye rangi ya kwanza, au kilichochongwa kwa ustadi wa nadra, nami nasema kiachwe, aitwe mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza vitu vya kale. Kabati la seremala wa kijijini ni habari nyingine. Chukua pamba yenye tone la spiriti, ugusishe nyuma ya mguu pasipoonekana. Ikilainika upesi, huenda ni vanishi ya spiriti, na mara nyingi fundi anaweza kuifufua bila kuikwangua. Isipolainika na imeharibika kabisa, fundi mpole aiondoe taratibu, msasa auweke mbali, apake mpya. Kisha vuta mtoto wa kabati, uhakikishe hakwami, na urudishe nguo ndani.