Kailula ya Wazee Inabebeshwa Makosa ya Usiku

Ami yangu wa Tanga ana miaka 76, na tangu nimjue hajaacha kailula, yaani usingizi wa mchana. Akishaswali adhuhuri na kula chakula chake cha mchana, hujinyoosha kwenye mkeka ukumbini, redio ndogo karibu na kichwa, fundo la kikoi limelegezwa, na nyumba nzima hushusha sauti. Miezi michache iliyopita binti yake alikuja kutoka Dar es Salaam, akamkuta katika hali hiyo, akamgusa bega: "Baba, inuka, usingizi wa mchana unaleta kiharusi." Habari hiyo alikuwa ameisoma kwenye simu. Mzee akafumbua jicho moja, akamwambia, "Mwanangu, ingekuwa hivyo mimi ningekwisha kuzikwa zamani," kisha akageukia ukutani.

Jibu la ami linachekesha, lakini si ushahidi, kwa sababu aliyelala mchana akafa hayupo barazani kutusimulia. Binti naye hakuzusha. Mwaka 2022 jarida la Hypertension la Marekani lilichapisha uchunguzi uliotumia taarifa za watu 358,451 kutoka UK Biobank, hazina kubwa ya takwimu za afya ya Uingereza. Waliosema kwamba hulala mchana kwa kawaida walionekana kuwa katika hatari ya shinikizo la juu la damu iliyozidi kwa asilimia 12, na ya kiharusi kwa asilimia 24, wakilinganishwa na waliosema hawalali kabisa. Kabla ya hapo, watafiti wa Jerusalem waliwafuatilia wakazi 455 wenye umri wa miaka 70, wakaona vifo vingi zaidi miongoni mwa wenye mazoea ya kulala mchana. Mwaka 2015 majumuisho ya tafiti 11 zilizohusu watu zaidi ya 151,000 yalionyesha kuwa usingizi wa mchana unaofikia saa nzima au zaidi unaambatana na ongezeko la asilimia 82 la magonjwa ya moyo na mishipa. Si mashtaka mepesi, na anayeyapuuza kwa sababu tu babu yake alilala mchana akafika miaka 90 hatendi haki.

Hata hivyo, tuangalie kilichoulizwa. Washiriki wa Uingereza waliulizwa kama hulala mchana, wakachagua kati ya kutolala kabisa au mara chache, wakati mwingine, na kwa kawaida. Hawakuulizwa wanalala kwa muda gani wala kwa nini. Katika nchi ambayo mchana ni wa kazi na duka halifungwi saa saba, mtu mzima anayelala kila siku mara nyingi ana sababu inayomlaza: usiku amekoroma na kukatika pumzi, au amefanya kazi ya zamu, au moyo wake umeanza kuchoka bila yeye kujua. Watu hao ukiwaweka kapu moja na mzee wa Ngamiani au Mji Mkongwe anayefunga mlango wa duka baada ya adhuhuri kama baba yake alivyofanya, umepima mambo mawili kwa kibaba kimoja.

Wapo watakaosema kuwa watafiti hao waliliona tatizo hili, ndiyo maana walitumia pia vinasaba, ambavyo mtu huzaliwa navyo kabla ya ugonjwa wowote, na bado uhusiano na shinikizo la damu ukabaki. Hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu zaidi. Lakini mwaka 2021 uchunguzi mwingine uliotumia hazina hiyohiyo ulizitambua sehemu 123 za vinasaba zinazohusiana na kulala mchana, na ukaonyesha kwamba wanaolala wanagawanyika katika makundi matatu: wenye haja ya usingizi mwingi kuliko wengine, wenye usingizi wa usiku unaokatikakatika, na wanaoamka alfajiri mno. Kwa hiyo hata kinasaba "cha kulala mchana" huenda, kwa baadhi ya watu, ni kinasaba cha kutolala vizuri usiku. Mashtaka yanarudi palepale, kitandani, giza likiwa limeingia.

Takwimu inayonishughulisha kuliko zote imetoka Ugiriki. Androniki Naska, Dimitrios Trichopoulos na wenzao walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuwafuatilia watu 23,681 ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa moyo, kiharusi wala saratani, kwa wastani wa miaka 6 na ushei. Waliolala mchana kwa utaratibu, yaani angalau mara tatu kwa wiki na kwa nusu saa au zaidi, walikuwa na vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 37, hata baada ya chakula na mazoezi kuingizwa katika hesabu. Namba hiyo imetembea dunia nzima, na watetezi wa kailula huipenda. Mimi pia naipenda, na kwa sababu hiyo naona ni wajibu wangu kuibana.

Kwanza, vifo vya moyo katika kundi zima vilikuwa 133 tu, na ukishavigawanya kwa jinsia, kwa kazi na kwa mazoea ya kulala, kila kikapu kinabaki na watu wachache sana. Pili, nafuu kubwa zaidi, ya asilimia 64, ilionekana kwa wanaume ambao bado walikuwa kazini. Kwa wanaume wasiofanya kazi, ambao wengi wao walikuwa wastaafu, na ndio wanaofanana na ami yangu, nafuu ilikuwa asilimia 36, lakini kadirio lake lilianzia upungufu wa asilimia 58 hadi ongezeko la asilimia 4. Kwa lugha ya takwimu, bahati haijafukuzwa chumbani: huenda nafuu hiyo imetokea kwa bahati tu. Mpinzani wa kailula husimama hapo na kusema kwamba kwa wazee hakuna kilichothibitishwa, na maneno yake ni ya kweli. Nami nasema uzito wa kadirio hilo umeelemea upande wa nafuu, na asilimia 36 ya wastaafu inakaribiana mno na asilimia 37 ya wote kwa pamoja hata isiweze kutupwa kama takataka. Anayetaka kuitumia kama uthibitisho anazidisha, na anayetaka kumwamsha mzee mkekani hana cha kuokota humo.

Uchunguzi wa Lausanne, Uswisi, wa mwaka 2019, unafundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Katika watu 3,462, waliolala mchana mara moja au mbili kwa wiki walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa iliyo pungufu kwa asilimia 48. Waliolala karibu kila siku mwanzoni walionekana kuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 67, ila walipohesabiwa umri wao, uvutaji sigara, usingizi wao wa usiku na maradhi mengine, ongezeko hilo karibu lote liliyeyuka. Haki inanilazimu kuongeza kuwa nafuu ya asilimia 48 haikujitokeza kwa waliopita miaka 65.

Mwili wenyewe unatoa ushahidi gani? Shinikizo la damu la mtu mwenye afya hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na wale ambao halishuki ndio wanaoumwa zaidi moyo na figo. Mwaka 2019 Manolis Kallistratos na wenzake wa hospitali ya Asklepieion, Voula, Ugiriki, waliwapima watu 212 wenye wastani wa miaka 62 kwa kipimo kinachovaliwa saa 24. Waliolala mchana walikuwa na shinikizo la damu la namba ya juu, yaani la wakati moyo unaposukuma, lililo pungufu kwa wastani wa milimita 5.3 za zebaki, kiasi kinachokaribia kile cha dozi ndogo ya dawa. Hapo ndipo mkeka wa ami unapopata hadhi. Lakini watafiti wa Jerusalem nao walihofia kuamka: moyo hupandishwa kasi mara ya pili kwa siku moja, kama alfajiri, na alfajiri ndiyo saa inayojulikana kwa mishtuko ya moyo. Mzee anayeruka kutoka usingizini kwa kutikiswa bega anaweza pia kupatwa na kizunguzungu akaanguka, na nyonga iliyovunjika katika umri huo si jambo dogo.

Wenzangu wanaopenda kusema kuwa kailula ndiyo siri ya wahenga nao wapunguze. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, walifungwa vipimo vya usingizi katika uchunguzi uliotoka mwaka 2015. Walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na mchana walilala kwa nadra: chini ya asilimia 7 ya siku za baridi na chini ya asilimia 22 ya siku za joto. Watsimane haohao, mwaka 2017, walionekana kuwa na mishipa ya moyo iliyo safi kuliko ya jamii yoyote iliyowahi kupimwa. Moyo mzuri unapatikana bila kailula. Kosa ni kuifanya kailula iwe ugonjwa.

Ninachokiogopa mimi ni mabadiliko. Mzee ambaye hakuwa na mazoea hayo, akaanza ghafla kulala saa mbili kila mchana na kuamka bado amechoka, apelekwe kupimwa, kwa kuwa huenda moyo wake unashindwa kusukuma damu. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, karibu watu 7 kati ya 10 wenye miaka 70 na zaidi walikutwa na shinikizo la juu la damu. Ukiwa na namba kama hiyo, kipimo cha presha kina haraka kuliko mjadala wa mkeka.

Ami alipelekwa kliniki kwa shinikizo la binti yake, na nampongeza binti kwa hilo. Daktari hakuuliza habari za mchana. Aliuliza anaamka mara ngapi usiku, akaambiwa mara nne, na kwamba kidonge cha kukojosha anakimeza baada ya magharibi kwa sababu ndipo anapokikumbuka. Akamhamishia kidonge hicho asubuhi. Mtu mmoja hathibitishi kitu, nimekwisha kusema hivyo kuhusu jibu lake mwenyewe. Kailula hajaiacha, ila sasa huwa ameshaketi, miguu chini, redio mkononi, adhana ya alasiri inapoanza.