Tuulizwe Kwanza Idadi ya Serikali

Mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Tanzania ilipofika kwenye kata yetu kukusanya maoni, tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Mzee mmoja akasimama na daftari, akasoma alichokiandika usiku: mbunge akishapita haonekani tena, kwa hiyo sisi tuliompa kura tupewe uwezo wa kumvua ubunge kabla ya miaka mitano kwisha. Akafunga daftari, akakaa.

Wazo hilo lilifika mbali. Rasimu ya pili ya tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013, iliwapa wananchi haki ya kumwondoa mbunge wao katikati ya muhula, ikaweka na ukomo wa vipindi vitatu. Lakini rasimu hiyohiyo ilipendekeza Muungano wa serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, na hapo ndipo mambo yote yalipokwama. Bunge Maalum la kujadili rasimu lilianza Dodoma Februari 2014; katikati ya Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini. Waliobaki wakarudisha serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, na Oktoba 2 wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Haki ya kumwondoa mbunge haimo. Ukomo wa ubunge haumo. Nchi nzima ilikuwa ikibishana mbili au tatu, na daftari la yule mzee halikuwa na wa kulisemea.

Hilo bado linaniuma. Kura ya maoni juu ya Katiba hiyo ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR, mfumo wa alama za vidole, haukuwa umekamilika, na haijapigwa mpaka leo. Wapo wanaotaka iitishwe tu, tumalize. Sikubaliani nao. Kitabu kizima kinajibiwa kwa Ndiyo au Hapana. Anayeridhika na sura ya haki za binadamu lakini hataki muundo ule wa Muungano, atie alama wapi?

Tupige kura mbili, ya pili ikiwa ya rasimu yenyewe. Ya kwanza iwe na swali moja: serikali ngapi? Iulizwe kabla mtu yeyote hajashika kalamu kuandika rasimu, na kura za Bara na za Zanzibar zihesabiwe mbalimbali, kama ambavyo sheria ya kura ya maoni ilikwishataka zaidi ya nusu kila upande. Wajumbe watakaokaa baadaye walikute jibu mezani, muda wao uende kwenye ubunge, ardhi, tume ya uchaguzi, na ile ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inayozuia mahakama yoyote kuchunguza ushindi wa rais akishatangazwa.

Nitaambiwa gharama. Tumeshalipia tume, mabaraza ya katiba na Bunge Maalum, na bado tunatumia Katiba ileile ya 1977. Hoja nzito zaidi ni hii: je, Bara ikijibu hivi na Zanzibar vile? Inawezekana kabisa, na sidai kwamba itakuwa rahisi. Ila tofauti hiyo ipo hata tusipoiuliza. Wakenya walisema Hapana mwaka 2005, wakarudi mezani, wakasema Ndiyo mwaka 2010. Sisi hata hiyo Hapana hatujapewa nafasi ya kuisema.