Tageti za wachambuzi zinaonyesha mudi ya soko au zinafuata bei tu?

Huu ubishi kwa watu wa hisa hauishi, wengine wanasema tageti za bei za wachambuzi ni kipimo kizuri cha kujua soko limeanza kubadilika mudi, wengine wanasema zile namba zinafuata bei nyuma nyuma tu hazina jipya. Mi nimezifuatilia miaka kadhaa sasa na naona pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi zinabishania namba ambayo siyo.

Kwanza tageti yenyewe inapatikanaje. Mchambuzi wa benki ya uwekezaji anakadiria hisa itakuwa bei gani ndani ya miezi 12, na njia ya kawaida ni kuchukua faida anayoitegemea kwa kila hisa halafu anazidisha na mara ngapi anaona watu watakubali kuilipia, hiyo namba ndio kizidisho. Faida dola 5, kizidisho 20, tageti dola 100, basi. Sasa kesho akiipandisha iwe 120 jiulize hizo dola 20 za nyongeza zimetoka wapi, maana inawezekana faida ameitoa 5 akaipeleka 6, hapo ameona biashara inaenda vizuri, au faida kaiacha pale pale kwenye 5 ila kizidisho ndio kimetoka 20 kwenda 24. Hiyo ya pili ndio mudi sasa. Faida ni ile ile, kilichoongezeka ni hamu ya watu kuilipia, na ukisoma kichwa cha habari tu kwamba tageti imepandishwa hutaliona hilo kabisa.

Wanaozitetea hawaongei hewani. Utafiti wa Brav na Lehavy wa mwaka 2003 ulionyesha bei inasogea pale mchambuzi anapobadilisha tageti, hata ukishatoa athari ya ushauri wake wa nunua au uza na makadirio yake ya faida. Na wengi wanakumbuka Desemba 1998, mchambuzi Henry Blodget akiwa kwenye benki ya CIBC Oppenheimer akaipa Amazon tageti ya dola 400 hisa ikiwa kwenye 240 hivi, na wiki chache tu baadaye bei ikafika huko. Kipindi hicho hicho mchambuzi mwingine, Jonathan Cohen wa benki ya Merrill Lynch, alikuwa anaipa dola 50! Yaani kampuni moja, hesabu zile zile, huyu 400 yule 50. Kwangu mimi huo upana una habari kubwa kuliko namba yoyote kati ya hizo mbili, wachambuzi wakiachana hivyo ujue soko lenyewe halijui hicho kitu kina thamani gani, na hisa ya namna hiyo ikiguswa na habari ndogo tu inarushwa mbali.

Ila wapinzani nao wana ya kwao, na ni mazito. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilifilisika Desemba 2001 na wiki chache tu kabla wachambuzi wengi waliokuwa wanaifuatilia bado walikuwa wanasema nunua. Mwaka 2003 benki kubwa 10 za Wall Street zilikubali kulipa kama dola bilioni 1.4 kwa sababu ya mgongano wa maslahi kwenye uchambuzi wao, na Blodget mwenyewe akafungiwa maisha kwenye biashara ya hisa. Halafu kuna Meta, kampuni inayomiliki Facebook, Oktoba 2022 hisa ilishuka karibu robo nzima kwa siku moja baada ya ripoti ya robo mwaka, tageti zikakatwa moja baada ya nyingine, Novemba bei ikawa chini ya dola 90, na mwisho wa 2023 ilikuwa imevuka 350. Aliyeuza kwa kufuata zile tageti aliuza chini kabisa.

Lakini hapo kwenye Meta ndipo mi natofautiana nao. Kama utabiri zile tageti zilikosea vibaya sana, sawa, ila kama kipimo cha hisia zilikuwa sahihi, kwa sababu watu kweli walikuwa wamekata tamaa siku zile na namba zikaonyesha hivyo. Ni maswali mawili tofauti, hisa itaenda wapi na watu wanajisikiaje leo, tageti inajibu la pili vizuri kuliko la kwanza japo imeandikwa kama jibu la kwanza.

Kingine kinachowapoteza watu ni ule wastani. Niliwahi kununua hisa fulani kwa sababu wastani wa tageti ulikuwa juu ya bei kwa asilimia 40, nikaona soko linaipenda, kumbe nyingi ziliandikwa kabla kampuni haijatoa onyo la faida kushuka na wachambuzi walikuwa hawajazigusa. Wiki baada ya wiki wakawa wanazishusha mmoja mmoja mpaka wastani ukaja kuikuta bei, na bei yenyewe haikupanda hata kidogo. Siku hizi nikiona wastani naangalia kwanza tarehe, tageti zilizobadilishwa ndani ya siku 30 naziweka peke yake, na katika hizo naangalia zipi zilisogea kabla bei haijasogea. Huwa ni chache sana, mara nyingine mbili au tatu, lakini hizo ndio nazisoma ripoti yote mpaka nijue kilichobadilika ni faida au ni kizidisho.